Taa inawaka lakini kompyuta haioni bodi: kabla hujanunua nyingine

"Shikamoo fundi. Nina bodi ya Arduino Uno, ile kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, zile za bei nafuu zenye chipu ya CH340 na tundu dogo la micro-USB. Niliinunua Kariakoo miezi mitatu iliyopita, naitumia kwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga: inapima joto kisha inawasha na kuzima balbu na feni kwa kutumia bodi ya rilei nne (swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo). Mwanzoni ilikuwa haina shida. Sasa nikiichomeka kwenye laptopu yangu ya Windows taa nyekundu inawaka vizuri, lakini poti ya COM, ule mlango wa kupakia programu, haitokei. Mara chache nasikia ule mlio wa kuchomeka, halafu papo hapo unafuata wa kuchomoa. Nimefuta na kuweka draiva upya mara tatu, nimebadilisha kebo mbili za chaja ya simu. Kwenye laptopu ya rafiki yangu yenye Ubuntu 22.04 nayo poti haionekani. Fundi mmoja amenambia chipu imeungua, ninunue bodi nyingine. Kinachonichanganya ni kwamba nikitumia adapta ya ukutani, programu niliyoiweka zamani bado inaendesha mashine kama kawaida. Naogopa nikinunua nyingine itakufa vilevile. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu.

Ile sentensi yako kuhusu adapta nimeirudia mara mbili, maana ndani yake kuna nusu ya jibu. Bodi yako ina chipu mbili, si moja. Kuna ATmega328P, ambayo ndiyo akili: inasoma kipimajoto, inaamua, inawasha balbu. Halafu kuna CH340, ambaye ni mkalimani. Kompyuta inazungumza lugha ya USB, na ATmega haiifahamu hata neno moja. Inachojua ni kupokea na kutuma herufi moja moja kupitia pini namba 0 na 1. CH340 anakaa katikati yao. Sasa kama mashine bado inashika joto, akili ni nzima. Aliyekuambia "chipu imeungua" alipaswa akuambie ipi. Na hata huyo mkalimani simhukumu bado, kwa sababu husingiziwa sana.

Kama kuna mayai ndani ya mashine hivi leo, iache ilivyo. Bodi inafanya kazi yake, na haya yote yanaweza kusubiri siku 21 ziishe. Ukishatoa vifaranga, endelea kusoma.

Tuanze na taa, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza wengi. Kebo ya kawaida ya USB ina nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya ardhi, na mbili za mawasiliano, nyeupe na ya kijani, zinazoitwa D- na D+. Taa ya bodi inahitaji mbili za kwanza tu. Itawaka ukiichomeka kwenye kompyuta, itawaka kwenye chaja, itawaka kwenye pawabenki. Haikwambii chochote kuhusu zile mbili nyingine.

Mawasiliano yenyewe huanza kwa hodi. Upande wa kompyuta, D+ na D- zote zimevutwa chini kwa rizista za kilo-omu 15, kwa hiyo mlango uko kimya. CH340 akipata umeme na kuamka, anaivuta D+ juu kuelekea volti 3.3 kwa rizista ya kilo-omu 1.5. Hapo ndipo kompyuta inapojua kuna mtu mlangoni. Inamwambia aanze upya, inampa namba ya muda, kisha inamuuliza: wewe nani? CH340 anajibu kwa namba mbili, ya kiwanda na ya bidhaa: 1A86 na 7523. Ni baada ya jibu hilo tu ndipo Windows inakwenda kutafuta draiva inayofanana na namba hizo.

Unaona draiva imekaa wapi kwenye foleni? Mwisho kabisa. Wewe ulisikia mlio wa kuchomeka ukafuatwa na wa kuchomoa, maana yake mgeni amebisha hodi na kuondoka kabla hajakaribishwa. Kuweka draiva upya hapo ni kutandika kitanda cha mgeni ambaye hajavuka kizingiti.

Fungua Device Manager, uiache wazi, kisha chomeka bodi huku ukiangalia orodha. Ikiwa hakuna kinachotikisika kabisa, hodi haijapigwa: tafuta kwenye kebo, tundu, au CH340 asiyepata umeme. Ikitokea "Unknown USB Device" pamoja na maneno "Device Descriptor Request Failed", hodi imesikika lakini jibu la "wewe nani" limekuja limekatika au halikuja. Ikitokea jina kama USB2.0-Serial lenye alama ya njano bila namba ya COM, hapo sasa ndiyo draiva, na hapo tu. Kwa maelezo yako sidhani utaiona hii ya tatu.

Kabla ya kipimo kingine chochote, ivue bodi nguo zote. Kwanza chomoa mashine kwenye umeme wa ukutani, si kuzima swichi tu, chomoa plagi. Kisha toa kila waya unaoingia kwenye bodi: rilei, kipimajoto, skrini kama ipo. Ibaki tupu mezani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uhai wako na wa laptopu: nyaya za volti 230 za balbu zinapita sentimita chache tu kutoka kwenye nyaya za bodi, na waya mmoja ukichomoka ukagusa upande wa pili, umeme huo utapita kwenye kebo ya USB hadi mikononi mwako.

Ya pili ni hesabu ndogo. Zile rilei za bluu za volti 5, koili ya kila moja ina takriban omu 70. Gawa 5 kwa 70 utapata kama miliampia 70. Rilei nne zikivuta pamoja ni karibu 280, na bado hujahesabu bodi yenyewe, taa zake na kipimajoto. Tundu la USB 2.0 la laptopu limepangiwa kutoa miliampia 500, na kifaa ambacho bado hakijajitambulisha hakitakiwi kuvuta zaidi ya 100. Ongeza kebo nyembamba ya chaja inayokula volti njiani. Bodi inaamka, rilei zinanyanyuka "tak-tak-tak", volti inashuka, CH340 anazimia, kompyuta inasikia mgeni ameondoka. Rilei zinaachia, volti inarudi, mchezo unaanza upya. Kwenye adapta ya ukutani hali hiyo haitokei kwa kuwa umeme unapitia regyuleta ya bodi (kipande kinachoshusha volti), si laptopu. Huenda tatizo lako lote ni hili.

Ukitaka kulithibitisha: bodi ikiwa na rilei zake lakini nyaya za volti 230 zimeondolewa kabisa, washa kwanza kwa adapta, ndipo uchomeke USB. Poti ikitokea kwa njia hii na isitokee kwa USB pekee, umeme ndio haukutosha. Chipu haina kosa.

Sasa kebo. Kubadilisha kebo mbili ni vizuri, ila zote mbili ni za chaja, na kebo nyingi zinazokuja na chaja za bei ndogo, tochi na spika zina nyaya mbili tu ndani. Umebadilisha bubu kwa bubu mwenzake. Njia rahisi ya kujua ni kuichukua kebo hiyohiyo, kuunganisha simu yenye tundu kama hilo kwenye laptopu, na kuona kama simu inakuuliza iwapo unataka kuhamisha mafaili. Isipouliza, jaribu kebo nyingine. Ikiuliza, ifunge utepe mwekundu na isitumike kwa kitu kingine. Mimi ninayo moja ya hivyo, imefungwa utepe tangu siku nilipokaa saa mbili nikichomea lehemu bodi ya mteja, kumbe kebo niliyokuwa naitumia ilikuwa ya tochi. Bodi niliirudisha nzima, na aibu nikabaki nayo mimi.

(Mwenye bodi ya tundu la USB-C asome na hili: baadhi ya bodi za bei nafuu zimeachwa bila zile rizista mbili za kilo-omu 5.1 kwenye pini za CC. Ukitumia kebo yenye C pande zote mbili, laptopu haitoi hata umeme, na taa haiwaki kabisa. Ukitumia kebo ya tundu la zamani la bapa upande wa kompyuta, inawaka. Hiyo nayo si kuungua.)

Nije kwa Ubuntu, maana hapo naona umekutana na ugonjwa wa pili usiohusiana na wa kwanza, ukaufanya ushahidi wa wa kwanza. Ubuntu 22.04 huja na programu iitwayo brltty, inayohudumia maandishi ya Braille kwa watumiaji wasioona. Moja ya vifaa vya Braille inavyovijua hutumia namba zilezile, 1A86 na 7523. Kwa hiyo ukichomeka CH340, brltty inadhani mgeni ni wake, inamshika mkono, na poti inafutika. Bodi nzima kabisa itaonekana haipo. Kama mwenye laptopu hatumii Braille, aiondoe kwa sudo apt remove brltty. Kama anaitumia, usiiguse. Tafuta laptopu nyingine.

Hata hivyo laptopu hiyo ndiyo rafiki yako mkubwa katika kazi hii, kwa kuwa Linux haifichi kinachoendelea mlangoni. Fungua terminal, andika sudo dmesg -w, kisha chomeka bodi tupu kwa kebo yenye utepe. Ukiona mstari unaosema "new full-speed USB device", hodi imepigwa. Ukifuatwa na idVendor=1a86 na idProduct=7523, CH340 amejitaja jina, yuko hai, na habari ya kuungua ifungwe. Ukiona "ch341-uart converter now attached to ttyUSB0", kila kitu kipo. Lakini ukiona "device descriptor read/64, error -71" au -110 ikijirudia, basi hodi inasikika na jibu linapotea njiani. Poti ikitokea lakini programu ikakataa kuifungua kwa kukosa ruhusa, mtumiaji hajaingizwa kwenye kundi la dialout, la wanaoruhusiwa kutumia poti hizo. Ni jambo la amri moja na kutoka kisha kuingia upya.

Huku dmesg ikiwa wazi, shika plagi ya micro-USB kwa vidole viwili na uisukume polepole sana juu, chini, kushoto, kulia. Usilazimishe. Kama mistari inaanza kumiminika kila ukifika upande fulani, tundu limelegea. Micro-USB ina pini tano zilizobanana, kutoka moja hadi nyingine ni milimita 0.65, na kwenye bodi za bei ndogo nguvu yote ya kuchomeka na kuchomoa inabebwa na vibati vichache vilivyolehemiwa juu juu. Lehemu inapasuka kwa mstari mwembamba kuliko unywele. Pini za umeme zinaweza kugusa, taa ikawaka, huku D+ inaning'inia. Washa kamera ya simu, vuta picha karibu, mulika kwa pembeni: ufa utauona kama mstari mweusi unaozunguka mguu wa pini.

Ukiwa hapo hapo na kamera, tafuta rangi ya kijani au unga mweupe. Nakuuliza kitu hukukitaja: bodi umeiweka wapi? Kama iko ndani ya sanduku pamoja na mayai, basi inakaa kwenye joto la nyuzi 37.5 na unyevu wa kati ya asilimia 50 na 60, unaopandishwa zaidi siku tatu za mwisho, pamoja na manyoya ya vifaranga yanayoelea. Kama uko pwani, ongeza chumvi ya hewani. Shaba haidumu kwenye hali hiyo. Safisha kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili, bodi ikiwa haina umeme, iache ikauke vizuri. Na unapoirudisha kazini, bodi ikae nje ya sanduku. Kipimajoto pekee ndicho kiingie ndani.

Tuseme umefanya hayo na poti imetokea. Kuna kipimo kimoja nakipenda kwa sababu hakiachi shaka. Chukua waya mfupi uunganishe RESET na GND (ardhi), ili ATmega inyamaze. Chukua mwingine uunganishe pini 0 na pini 1. Fungua Serial Monitor (dirisha la maandishi kwenye programu ya Arduino), andika "hujambo", tuma. Herufi zinatoka kwenye kompyuta, zinapita kebo, zinaingia CH340, zinatoka pini moja, zinarudi kwa nyingine, zinafika kwenye skrini. Ukiliona "hujambo" limerudi, njia yote ya USB ni nzima. Ukitoa nyaya hizo kisha upakiaji wa programu ukakataa kwa ujumbe wa stk500_getsync, hilo ni tatizo jingine: aghalabu umechagua aina ya bodi isiyo sahihi kwenye programu, au kuna kitu umekiunganisha kwenye pini 0 na 1.

Na tuseme poti haikutokea: bodi tupu, kebo iliyothibitishwa, kompyuta mbili, tundu halichezi, na bado kimya. Sasa mtuhumu CH340, kwa mita. Bodi ikiwa imechomekwa, pini ya 5V isome kati ya 4.75 na 5.25. Kwenye CH340G, mguu wa nne unaitwa V3; utafute volti 3.3 hapo. Ikiwa haipo huku volti 5 inaingia kwenye mguu wa 16, au chipu ni ya moto kiasi cha kuondoa kidole, imekufa kweli. Ikiwa volti zipo, angalia kristali ya pembeni yake ya megaheti 12. Bodi ikianguka sakafuni kristali inaweza kupasuka ndani bila kuonyesha jeraha, na bila mapigo yake mkalimani hasemi. Toleo la CH340C halina kristali ya nje, usiitafute.

Kuhusu pesa nitakuwa mkweli. Kubadilisha tundu ni kazi ya fundi wa simu mwenye mashine ya hewa moto. Anafanya hivyo kila siku na haitakugharimu sana. Kubadilisha CH340 ni kazi ya miguu 16, na mara nyingi ufundi wake unakaribia bei ya bodi mpya. Kuna njia ya tatu wengi hawaifikirii: nunua kibadilishaji kidogo cha USB kwenda siriali, unganisha GND kwa GND, TX yake (ya kutuma) kwenye pini 0, RX yake (ya kupokea) kwenye pini 1, na DTR yake kwenye RESET kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1. Kwenye Uno nyingi CH340 ameunganishwa na pini hizo kupitia rizista za kilo-omu 1, hivyo mgeni mpya anaweza kumzidi nguvu. Si nzuri kwa macho ila inafanya kazi. Na ya nne: kama programu haihitaji kubadilishwa, iache bodi kwenye mashine kama ilivyo, maisha yaendelee. Haihitaji USB ili kuangua mayai.

Ukiamua kununua mpya, usiivalishe nguo zilezile. Bodi nyingi za rilei nne zina kipande kidogo cha plastiki kinachounganisha VCC na JD-VCC. Kitoe. Lisha JD-VCC na GND ya upande wa rilei kutoka kwenye adapta ya peke yake ya volti 5, ampia 1 inatosha, na VCC pamoja na nyaya za kuamuru rilei ndizo zibaki kwa Arduino. Hapo koili hazinywi tena kwenye kikombe cha bodi. Utaona pia regyuleta imepoa: ukiwa na adapta ya volti 12, ilikuwa inageuza volti 7 zilizobaki kuwa joto, na kwa miliampia 300 hiyo ni zaidi ya wati 2 kwenye kipande kisichozidi ukucha.

Upande wa volti 230 sitakuelekeza kwa maandishi. Kama balbu zikiwaka laptopu inakatika, kama unasikia rilei inatoa cheche, au kama ukigusa sanduku unahisi mtetemo wa umeme, ita fundi umeme aje aone kwa macho, akague ardhi na namna nyaya zilivyotenganishwa, kabla hujachomeka USB tena.

Na ukienda kwa fundi wa simu, usimwambie "bodi imekufa". Mwambie: "Naomba unipimie kama D- na D+ zinafika kutoka kwenye tundu hadi miguu ya CH340." Kwenye CH340G ni mguu wa 5 kwa D+ na wa 6 kwa D-. Mita ikilia zote mbili huku tundu likisukumwa kila upande, tundu ni zima. Isipolia moja, aweke tundu jipya na achomee vibati vya pembeni kwa lehemu ya kutosha, halafu akupimie tena mbele yako.